Kibaba cha Mpagazi: Chakula na Unyevu katika Njia ya Bagamoyo hadi Itetemia

Mwanafunzi anaposoma habari za misafara ya karne ya 19 katika somo la historia, hufundishwa zaidi juu ya vitu vilivyobebwa: pembe za ndovu, nguo za merikani, shanga, baruti, na pamoja na hivyo binadamu waliouzwa kama bidhaa. Ni mara chache anapoulizwa swali ambalo kila mpagazi alijiuliza jioni alipotua mzigo wake: leo tutakula nini? Swali hili si la historia peke yake. Ni swali la hesabu, la fizikia na la elimu ya viumbe, na majibu yake bado yanaonekana katika ghala na mashamba ya Itetemia, kando ya mji wa Tabora, yaliko makao ya watemi wa Unyanyembe.

Katika makala haya tutaifuata njia hiyo kutoka pwani hadi Itetemia, tukitazama chakula tu. Msomaji anayeweza kusafiri kwa basi au kwa gari moshi atayaona mengi kwa macho yake. Asiyeweza atumie ramani.

Hesabu ya kibaba

Kipimo cha chakula cha mpagazi kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Kibaba cha mchele kina uzito wa ratili moja na nusu hivi, yaani karibu gramu 700. Chakula hicho cha kila siku ndicho kilichoitwa posho, neno ambalo limesafiri mbali kuliko wapagazi wenyewe: nchini Uganda posho ni ugali wa mahindi, na kwetu mtumishi anayekwenda safari ya kikazi hulipwa posho, ingawa haipimwi tena kwa kibaba.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu na silaha. Sasa tufikirie mpagazi asiyebeba pembe wala nguo, bali chakula chake mwenyewe tu. Tukigawa kilo 32 kwa gramu 700 tunapata siku 45. Je, siku 45 zilitosha kumfikisha Unyanyembe? Burton na Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, tarehe 27 Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Stanley aliyefanya haraka aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika mwezi Juni. Tukichukua siku 90 kuwa ni mwendo mzuri, mpagazi mmoja alihitaji kilo 63 za nafaka, yaani karibu mizigo miwili kamili, kabla hajabeba chochote cha tajiri wake. Mtu akisema, basi aongezwe mpagazi wa pili wa kubeba chakula cha wa kwanza, akumbuke kwamba yule wa pili naye anakula kibaba. Hesabu hii haifungi kamwe. Mwalimu wa hisabati anaweza kuiandika ubaoni na kuwaachia wanafunzi waigombanie.

Maana yake ni kwamba msafara haukuweza kubeba chakula chake. Ulikula njiani, na kwa hiyo njia yenyewe haikuwa mstari uliochorwa na wafanyabiashara walivyopenda, bali ilifuata mashamba na visima. Msafara wa watu 500 ulikula kilo 350 kila siku, na katika siku 90 ulikula tani 31 na nusu. Tukichukulia kwamba hekta moja ya mtama huzaa tani moja, msafara mmoja ulimeza mavuno ya hekta 32 hivi. Mavuno hayo yalilimwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke aliyebaki kijijini.

Kibaba hakikushibisha pia. Gramu 700 za nafaka hutoa kilokalori 2,400 hivi, na mtu anayetembea saa tano au sita na kilo 32 begani huhitaji zaidi ya 3,000. Upungufu huo ulijazwa na kunde, asali, nyama ya mwituni, au haukujazwa.

Kutoka pwani hadi Ugogo

Pwani kuna wali, nazi na samaki. Kati ya hivyo vitatu ni vipi vilivyoweza kusafiri? Mchele ni mkavu, husafiri. Nazi hubeba maji yake yenyewe, makumbi na kifuu juu yake, na mpagazi hana sababu ya kubeba maji ya nazi kwa miezi mitatu. Samaki mbichi huoza kwa siku moja, lakini papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa hadi akawa ng'onda, hukaa miezi. Hapa tunakutana na kanuni itakayotufuata mpaka mwisho wa safari: bakteria na kuvu, kama viumbe vyote, huhitaji maji. Jua huondoa maji kwa kuyageuza mvuke. Chumvi huyavuta kutoka katika nyama, na yale yanayobaki huyashika yasiweze kutumiwa na vijidudu. Njia ni mbili, matokeo ni mamoja.

Muhogo wa pwani hukaushwa kuwa makopa, lakini kwa muhogo mchungu kukausha peke yake hakutoshi. Ndani ya mzizi kuna kemikali inayoweza kutoa sianidi, na kando yake, katika chembechembe hizo hizo lakini katika chumba tofauti, kuna kimeng'enya chenye uwezo wa kuivunja. Mzizi unapolowekwa au kupondwa viwili hivyo hukutana, sumu hutoka, nyingine ikayeyuka majini na nyingine ikaruka hewani. Jua likiukausha mzizi upesi kabla ya kukutana huko, sehemu kubwa ya sumu hubaki ndani. Hili lilidhihirika katika wilaya ya Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, ambapo watu waliolazimishwa na njaa kufupisha matayarisho ya muhogo mchungu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafula na usiopona. Waathirika wengi walikuwa watoto na wanawake. Kulowekwa kwa siku kadhaa, kama wafanyavyo wale wanaotengeneza udaga katika mikoa ya magharibi, ni kazi ya kemia ingawa haiitwi hivyo.

Basi la leo hupita Morogoro, Gairo na Kibaigwa, kaskazini kidogo ya njia ya misafara iliyokwenda kwa Mpwapwa. Gairo msafiri huona marundo ya viazi vitamu kando ya barabara, na Kibaigwa soko kubwa la mahindi. Mazao hayo mawili pamoja na muhogo asili yao ni Amerika. Kabla hayajaja, kibaba kilijazwa mtama, uwele na ulezi, na katika Ugogo mtama na uwele vingali mazao makuu. Sababu ni mvua: Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, tena kwa kukatizwa. Uwele hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na mtama ukipata kiu hukunja majani na kungoja, jambo ambalo mhindi hauwezi.

Kabla ya kuingia Ugogo misafara ilivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, kwa mwendo wa haraka wa mchana na usiku. Ndani ya Ugogo kulikuwa na nafaka na maji, lakini vyote kwa bei, pamoja na hongo ya nguo kwa kila mtemi. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia sana hongo hiyo katika vitabu vyao. Kwa maoni yetu, mwenye kisima katika nchi yenye milimita 500 za mvua, aliyetembelewa na watu 500 kwa pamoja, alikuwa na haki ya kudai kitu.

Ugogo una tunda moja lisilohitaji kuanikwa na mtu. Ubuyu hujikausha wenyewe mtini, ndani ya kifuu chake, mpaka unga wake ukawa mkavu kama chokaa. Ukali wake hutokana na asidi, na una vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Vitamini hiyo huharibika upesi kwa joto na maji, lakini ndani ya kibuyu kikavu hukaa vizuri.

Mgunda Mkali

Magharibi ya Ugogo, kuanzia sehemu za Manyoni na Itigi, palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali. Vichaka vya Itigi ni vizito kiasi kwamba mtu hawezi kuviingia bila kukata njia. Hapakuwa na mashamba ya kutosha, hivyo kila msafara ulinunua Ugogo nafaka ya siku nyingi. Hapo ndipo hesabu ya siku 45 ilipopata maana yake: kwa wiki moja au mbili mtu aliweza kweli kubeba chakula chake juu ya mzigo wa tajiri, na kwa zaidi ya hapo hakuweza. Waliokokotoa vibaya waliacha mizigo porini, na wengine waliachwa wenyewe. Gari moshi lilipofika Tabora mwaka 1912 mwendo huo ukawa wa saa chache.

Itetemia

Msafiri anayeingia Tabora hupokewa na miembe. Miembe imekuwa alama ya njia ya misafara hata kufika Ujiji, na hapa kuna kitendawili cha elimu ya mimea. Punje ya mtama iliyokaushwa hulala usingizi na kuota baada ya miaka. Kokwa la embe halina usingizi huo. Likikauka hufa, na hata likikaa vizuri uhai wake huhesabiwa kwa wiki, si kwa miaka. Basi lilivukaje mwendo wa miezi mitatu juani? Yawezekana kokwa chache zilitunzwa katika unyevu. Lakini jambo rahisi zaidi kulifikiria ni kwamba mwembe ulisafiri kwa vituo: kokwa lililotupwa kambini likaota, baada ya miaka mitano au saba likazaa, na matunda yake yakasogezwa kambi chache mbele. Ikiwa ndivyo, mwembe ulitembea polepole kuliko Burton.

Waarabu na Waswahili waliokaa Tabora walilima mpunga mabondeni, wakastawisha pia ngano na vitunguu kwa kumwagilia. Lakini chakula kilichoiendesha njia kilikuwa cha Wanyamwezi wenyewe. Mnyamwezi alikuwa mkulima wakati wa masika na mpagazi wakati wa kiangazi. Mvua ya Tabora, milimita 900 hivi, hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na tajiri aliyetaka wapagazi wakati wa kupanda aliambiwa angoje. Kalenda ya biashara yote ya kati ilifuata kalenda ya jembe.

Kiazi kitamu kina maji kiasi cha asilimia 70. Kukibeba kibichi ni kubeba maji. Wanyamwezi na Wasukuma hukikausha kwa namna mbili. Kikikatwa vipande kikiwa kibichi na kuanikwa huitwa michembe. Kikichemshwa kwanza, kisha kikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Msomaji asidhani kwamba tofauti hii ni ya ladha tu. Katika michembe wanga ungali mbichi, na vimeng'enya vilivyokutana na hewa pale kisu kilipopita hukigeuza kipande kuwa na rangi ya kahawia. Katika matobolwa, joto lilipokuwa likipanda ndani ya chungu, kimeng'enya kingine kiliugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari kabla hakijauawa na joto hilo hilo, na ndiyo sababu matobolwa ni matamu zaidi. Wanga uliobaki ulivimba na kushikamana, na ukikauka huwa mgumu na wa kung'aa kama pembe. Mpagazi aliweza kuyatafuna matobolwa akitembea. Michembe ilihitaji chungu, maji na kuni, na ikipikwa na karanga, kama inavyopikwa hata leo, huwa chakula kamili zaidi, kwa maana karanga huleta protini na mafuta ambayo kiazi hakina.

Habari ya chungu inatukumbusha jambo jingine. Itetemia iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 za kupanda, maji huchemka kwa joto pungufu la nyuzi moja hivi, kwa hiyo chungu cha Tabora huchemka kwa nyuzi 96 za sentigredi badala ya 100. Maharage na njugumawe hapa huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko Bagamoyo, na kuni zaidi. Speke aliitumia kanuni hiyo hiyo kinyumenyume: mwaka 1858 alikadiria urefu wa ziwa Nyanza kutoka usawa wa bahari kwa kutia kipimajoto katika maji yanayochemka. Mpishi wa msafara alikuwa akilipima jambo hilo kila jioni bila kipimajoto.

Asali ya Tabora inajulikana nchini kote, nayo haihitaji kuanikwa kwa sababu nyuki wameshafanya kazi hiyo. Hupepea nekta kwa mabawa mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20, kisha huifunika kwa nta. Asali hiyo ikiingiwa na bakteria huwanyonya maji yao badala ya wao kuila. Mrina asali anayetoa masega kabla hayajafunikwa huuza asali itakayochacha. Maua yanatoka katika miti ya miombo, kama mtundu na muba, na chini ya miti hiyo hiyo, mvua za kwanza zinaponyesha, huota uyoga unaoliwa. Mizizi ya miti na nyuzi za uyoga huishi kwa kubadilishana: mti hutoa sukari, uyoga huleta madini ya udongo. Ukikata pori lote utakosa kuni, asali na kitoweo cha Desemba kwa pamoja.

Magharibi ya hapa kulikuwa na chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na dagaa wa Ziwa Tanganyika walioanikwa mchangani. Vyote viwili vilisafiri kuelekea mashariki, na dagaa wa Kigoma wangali wakisafiri.

Mgeni wa ghalani

Njia inayobeba chakula hubeba pia walaji wake. Mwaka 1981 ilithibitishwa kwamba ghala za mahindi za mkoa wa Tabora zilikuwa zikiharibiwa na mdudu asiyejulikana Afrika Mashariki, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati. Wataalamu humwita Prostephanus truncatus, nasi tunamwita dumuzi. Urefu wake ni milimita tatu au nne tu. Inaaminika aliingia ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka nje, na kutoka Tabora alienea na magunia katika njia zile zile za reli na barabara, akavuka mipaka.

Wakulima waliona ajabu kwa sababu mahindi yao yalikuwa makavu. Mazoea yaliwafundisha kwamba kitu kikavu kiko salama, na kwa habari ya kuvu mazoea hayo ni ya kweli: mahindi yakifika asilimia 13 ya unyevu, kuvu haukui. Yakianikwa juu ya udongo mtupu, au kuwekwa ghalani kabla ya kukauka vema, kuvu waitwao Aspergilasi huweza kutoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini dumuzi huweza kuishi katika mahindi yenye unyevu wa asilimia 9 tu, na hupenda makopa na udaga sawasawa na mahindi. Silaha ya kale haimtoshi.

Udhaifu wake uligunduliwa kwa kuchunguza namna anavyotoboa. Dumuzi huhitaji mahali pa kuegemea ili asukume. Katika gunzi punje zimeshikana imara, naye hutoboa kwa urahisi. Katika punje zilizopukuchuliwa na kulegea husukuma punje nayo ikasogea. Ndiyo sababu wakulima waliokuwa wamezoea kuhifadhi mahindi na maganda yake walishauriwa kuyapukuchua na kuyachanganya na dawa ya unga iliyokusudiwa kwa ghala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mdudu mwingine wa huko kwao, anayemla dumuzi, aliachiliwa nchini Togo na Kenya. Amepunguza makali porini, lakini ghalani bado kazi ni ya mkulima.

Jaribio kwa darasa

Chukua kilo moja ya viazi vitamu vilivyoshwa na kumenywa, na kilo nyingine kama hiyo. Fungu la kwanza likatwe vipande vya unene wa nusu sentimita. Fungu la pili lichemshwe mpaka liive, kisha likatwe vivyo hivyo. Anika yote juu ya mkeka au waya, si ardhini, ukiyafunika kwa kitambaa chepesi kuzuia inzi. Pima uzito kila siku saa ile ile, asubuhi, na uuandike, mpaka siku mbili mfululizo zionyeshe uzito usiobadilika.

Kabla ya kuanza, wanafunzi wakadirie jibu. Katika kilo moja yenye maji asilimia 70 kuna gramu 300 za kitu kikavu. Kama michembe hubaki na unyevu wa asilimia 10, hizo gramu 300 ni asilimia 90 ya uzito wa mwisho, ambao basi ni gramu 333. Mpagazi wetu angebeba siku tatu mahali pa moja. Kisha walinganishe kadirio na mizani, na waeleze tofauti. Chora mchoro wa uzito dhidi ya siku kwa kila fungu. Mistari miwili haitafanana, na haitanyooka: maji ya juu hutoka upesi, ya ndani hutoka kwa taabu. Kama kuna viazi vya rangi ya manjano, fungu la tatu lianikwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu sehemu ya karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A; rangi ya mafungu mawili ilinganishwe baada ya wiki moja.

Mwisho, yahifadhiwe katika chupa tatu zilizo wazi na tatu zilizofunikwa barabara, na zifunguliwe tena mvua za Novemba zitakapoanza. Unga mweupe chini ya chupa, pamoja na vitobo mviringo katika vipande, utawaambia nani amefika.